Kuondoa chenga kwenye picha bila kuyeyusha kingo: jibu kwa mpiga picha wa Kirumba

Swali: Shikamoo kaka. Nina kibanda cha picha Kirumba, hapa Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Wenye mitumbwi wananiita nipige picha za vyombo vyao wanapotaka kuviuza au kuviwekea kumbukumbu, na mara nyingi ni jioni, kabla hawajaingia ziwani kuvua dagaa. Picha zinatoka na chenga, yaani vile vidoadoa vinavyotapakaa picha nzima. Nikizilainisha kwenye Gimp, programu ya kuhariri picha, chenga zinaisha, lakini namba za ubavuni zinayeyuka, kamba zinapotea, na uso wa mwenye mtumbwi unakuwa kama wa plastiki. Nikipunguza, chenga zinarudi. Kompyuta yangu ni ya zamani, Python, lugha ya kuandikia programu, naijua kidogo. Je, kuna namna ya kulainisha picha na kuacha kingo zilivyo, au inabidi nichague moja?

Marahaba, mdogo wangu. Namna ipo, na hata kompyuta ya zamani inaiweza. Ila nikupe kubwa lake mapema: hakuna kichujio kinachojua ukingo ni nini. Kinachokiona ni tofauti ya namba kati ya pikseli na pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha, basi. Wewe ndiye unayekiambia tofauti ya kiasi gani ni chenga na ya kiasi gani ni ukingo. Watu wengi wanasogeza vitufe kwa kukisia mpaka macho yaridhike, na picha inayofuata wanaanza kukisia upya. Mimi nataka upime. Ukishajua ukubwa wa chenga zako kwa namba, karibu maamuzi yote yaliyobaki yanajipanga yenyewe.

Tuanze na zinakotoka. Mwanga unafika kwenye kihisio cha kamera kwa chembe mojamoja, zinaitwa fotoni, na hazifiki kwa idadi ileile kila mara. Pikseli iliyotarajiwa kupokea fotoni 100 itapata 92 safari hii, 109 safari nyingine. Kuyumba huko ni sawa na kipeuo cha pili cha idadi yenyewe: kwenye fotoni 100 unayumba kwa kama 10, yaani asilimia 10, kwenye fotoni 10,000 unayumba kwa 100, yaani asilimia 1 tu. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta, jua likishazama giza halikawii, na katika dakika hizo unazopigia picha fotoni zinapungua kwa kasi. Kamera inafidia kwa kupandisha ISO, na kupandisha ISO hakuongezi fotoni hata moja. Kunakuza kilichoingia, chenga zikiwemo.

Kwa hiyo kabla ya kichujio chochote kuna dawa isiyogusa kingo kabisa: piga picha nyingi za kitu kilekile kisha chukua wastani wake. Picha 4 zinapunguza chenga hadi nusu, 9 hadi theluthi, 16 hadi robo. Mtumbwi uliovutwa mchangani hausogei, na wewe ukiweka kamera juu ya stendi nayo haisogei. Kwenye Gimp zifungue zote kama matabaka: la chini kabisa liache kwenye uonekano wa asilimia 100, la pili lishushe hadi 50, la tatu 33, la nne 25, na kuendelea hivyo, kila tabaka linapewa 1 gawanya kwa namba yake. Utakachokiona ni wastani halisi wa picha zote. Maji nyuma ya mtumbwi yatalainika kwa sababu yenyewe yanacheza, na mara nyingi hilo halimsumbui mteja. Ukienda kupiga jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, jioni, njia hii inatosha peke yake, maana jiwe halina haraka na mawimbi yakilainika picha inapendeza zaidi. Simu janja nyingi zenye hali ya usiku zinafanya jambo hilohilo kimyakimya: zinapiga picha kadhaa, zinazilinganisha na kuzijumlisha.

Mtumbwi ulioko majini unayumba, na mwenye mtumbwi hasimami kama jiwe. Hapo ndipo unahitaji kichujio, na hapo ndipo yako yanapoharibika. Tuone kwa nini, kwa namba.

Chukua mstari mmoja wa pikseli unaovuka kutoka ubavu wa mtumbwi kwenda kwenye anga. Mbao zimeingia giza, anga bado ina mwanga. Kwa kipimo cha 0 hadi 255, zinasomeka hivi kutoka kushoto: 58, 64, 61, 57, kisha ghafla 178, 184, 181, 176. Nne za kwanza ni mbao, nne za mwisho ni anga. Kule kupandapanda na kushukashuka kidogo ndani ya kila kundi ni chenga, na ule mruko mkubwa katikati ni ukingo.

Sasa simama kwenye ile 57, pikseli ya mwisho ya mbao, ukataka kuilainisha kwa wastani wa kawaida pamoja na jirani wawili kila upande: 64, 61, 57, 178, 184. Jumla yake 544, gawanya kwa 5, unapata karibu 109. Pikseli iliyokuwa mbao imekuwa kitu ambacho si mbao wala anga. Rudia hivyo kwenye kila pikseli ya ukingo na umepata ule ukungu unaoulalamikia. Kichujio cha Gauss, ambacho nadhani ndicho ulichokuwa unakitumia, kina afadhali kidogo kwa kuwa jirani wa karibu anapewa uzito mkubwa kuliko wa mbali, lakini swali lake kwa kila jirani ni lilelile moja: uko mbali kiasi gani? Ni sawa na kwenda Mwaloni kuuliza bei ya dagaa, ukawauliza wauza dagaa watatu na wauza nyavu wawili kwa sababu tu wamekaa pamoja, halafu ukachukua wastani wa majibu yao.

Kichujio kinachoheshimu kingo kinaongeza swali la pili: unafanana nami kiasi gani? Wazo hilo lilizunguka kwa watafiti kadhaa kwa miaka, na mwaka 1998 Carlo Tomasi na Roberto Manduchi wakalipa jina ambalo limeshika mpaka leo, kichujio cha bailaterali, yaani chenye pande mbili: upande wa umbali na upande wa kufanana. Kila jirani anapata uzito wa umbali, halafu uzito huo unazidishwa kwa uzito wa kufanana. Turudi kwenye 57 yetu, tuache umbali pembeni kwanza, na tuweke kipimo cha kufanana kuwa 20. Jirani mwenye 64 anatofautiana kwa 7, anapata uzito wa 0.94. Mwenye 61 anapata 0.98. Pikseli yenyewe inapata 1. Mwenye 178 anatofautiana kwa 121, na uzito wake haufiki hata 1 kwa 10,000,000. Ni kama hayupo. Wastani unatoka karibu 61. Mbao imebaki mbao, na chenga zake zimepungua.

Fanya jaribio hilohilo na kipimo cha kufanana cha 150 badala ya 20. Mwenye 178 sasa anapata uzito wa 0.72, mwenye 184 anapata 0.70, na jibu linatoka karibu 99. Kichujio ni kilekile, chenye sifa ya kutunza kingo, na kingo zimeyeyuka karibu kama kwa wastani wa kawaida. Ndiyo maana mtu anaweza kukuapia kwamba bailaterali ni nzuri na mwingine akakuapia kwamba haina maana, na wote wawili wameona kwa macho yao. Walitofautiana kwenye namba moja.

Namba hiyo unaipata kwa kupima. Kwenye Gimp chora mstatili mdogo juu ya sehemu ambayo kwa kweli ina rangi moja: kipande cha ubavu kisicho na mwanya wa mbao, au kipande cha anga. Kiwe kidogo, maana anga ya jioni inabadilika mwanga kutoka juu kwenda chini, na mabadiliko hayo yataingia kwenye hesabu yakikudanganya kwamba chenga ni nyingi. Kisha fungua dirisha la histogramu. Litakuonyesha wastani wa sehemu hiyo na mkengeuko sanifu, yaani kwa kawaida pikseli zinaachana na wastani wao kwa kiasi gani. Huo mkengeuko ndio ukubwa wa chenga zako. Tuseme umesoma 8.

Usiweke kizingiti, yaani kile kipimo cha kufanana, kwenye 8. Unapolinganisha pikseli mbili, kila moja ina chenga zake, kwa hiyo tofauti kati yao ni kubwa zaidi: 8 mara kipeuo cha pili cha 2, kama 11. Ukiweka 8, jirani wengi halali wataonekana wageni na chenga zitabaki. Mimi naanza na mara mbili hadi tatu ya chenga iliyopimwa, kwa mfano huu kati ya 16 na 24. Kwenye Gimp kichujio kilicho karibu na bailaterali kinaitwa "Selective Gaussian Blur", na kizingiti chake kwenye matoleo ya sasa kinaandikwa kwa kipimo cha 0 hadi 1, kwa hiyo 24 unaigawanya kwa 255 na kuandika kama 0.094. Chenyewe hakipimi uzito wa kufanana hatua kwa hatua kama bailaterali kamili. Aliye ndani ya kizingiti anahesabiwa, aliye nje anaachwa. Kwa kazi zako nyingi kinatosha.

Sasa tazama namba za ubavuni kwa jicho hili. Namba nyeupe mpya yenye 200 juu ya buluu yenye 90 ina tofauti ya 110. Kizingiti cha 24 hakiifikii, itabaki imenyooka. Lakini chombo kilichokaa majini muda mrefu rangi yake imepauka, namba inasoma 120 juu ya mbao zenye 95. Tofauti ni 25. Hapo ukingo na chenga vimekaribia kuwa na ukubwa mmoja, na hakuna kitufe cha kuvitenganisha. Ukishusha kizingiti chenga zinabaki, ukikipandisha namba inafutika. Kwa picha ya namna hiyo rudi kwenye dawa ya kwanza: picha 16 kwenye stendi zinashusha chenga kutoka 8 hadi 2, kizingiti kinashuka hadi 6, na tofauti ya 25 inakuwa salama kabisa. Au mwombe mwenye mtumbwi mpige saa kumi jioni, jua likiwa bado juu. Nakusisitizia hili kwa sababu namba ya usajili ni mali ya mtu, na picha isiyosomeka haimsaidii siku ya kuuza wala siku ya kudai.

Kamba ni habari nyingine. Nadhani mahali fulani ulitumia kichujio cha mediani, kwa sababu chenyewe ndicho kinachokula kamba. Mediani inapanga majirani kwa ukubwa na kuchukua wa katikati. Kwa mfano wetu ingepanga 57, 61, 64, 178, 184 na kuchukua 64, jibu zuri sana. Ukingo ulionyooka haiyeyushi. Tatizo lake ni vitu vyembamba. Dirisha, yaani eneo la majirani ambalo kichujio kinalitazama, likiwa la 5 kwa 5 lina pikseli 25. Kamba yenye unene wa pikseli 1 inayopita katikati inashika 5 kati ya hizo, ya pikseli 2 inashika 10, na zote ni wachache. Wa katikati atatoka kwenye anga na kamba itafutwa kama haikuwepo. Ya pikseli 3 inashika 15, inapona. Pembe nazo mediani inazikata, ndiyo maana namba 4 na 7 zinatoka zikiwa na vichwa vya mviringo.

Hata hivyo usiitupe. Bailaterali ina udhaifu ambao mediani inauponya: nukta moja nyeupe peke yake katikati ya giza. Nukta hiyo haifanani na jirani yeyote, kila jirani anapata uzito karibu na sifuri, na nukta inabaki ilivyo, safi kuliko hata mwanzo kwa sababu pembeni yake pamelainika. Kihisio kilichopata joto kwenye picha ya muda mrefu kinatoa nukta kama hizo. Pitisha mediani ndogo ya 3 kwa 3 mwanzoni, kwa sehemu zenye nukta tu, kisha bailaterali. Kamba uzizungushie uteuzi ili mediani isizifikie.

Kuna jambo la rangi ambalo kwa maoni yangu linapuuzwa kuliko yote, na lenyewe peke yake litakupa nusu ya unachotafuta. Jicho la binadamu linaona vyema mabadiliko madogo ya mwanga na vibaya mabadiliko madogo ya rangi. Hata JPEG inajengwa juu ya udhaifu huo: kwa kawaida inahifadhi rangi kwa wingi mdogo kuliko mwanga, na mara chache mtu anagundua. Chenga za jioni zinakera hasa kwa yale madoadoa ya kijani na zambarau kwenye vivuli. Itenge picha kuwa mwanga upande mmoja na rangi upande mwingine, kwa mfumo wa Lab, kisha lainisha rangi kwa nguvu na mwanga kwa upole. Maandishi, kamba, kope za macho, mistari ya mbao, vyote vinaishi kwenye mwanga. Ukiupa mwanga upole havitaguswa. Tomasi na Manduchi wenyewe walipendekeza Lab kwa sababu ya ziada: ukichuja nyekundu, kijani na buluu kila moja kivyake, ukingo wa boya la rangi ya chungwa juu ya mbao za buluu unaweza kuzaa mstari wa rangi ambayo haikuwepo kokote. Kumbuka tu kwamba vipimo vya Lab ni tofauti, kwa hiyo pima chenga upya ndani ya kila chaneli, yaani ile moja ya mwanga na zile mbili za rangi.

Madoa ya rangi kwenye picha za simu mara nyingi ni mapana kuliko dirisha la kichujio, kwa sababu simu imeshailainisha picha kabla hujaiona. Kama simu au kamera yako inatoa faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo haijalainishwa wala kubanwa, tumia hiyo. Na ukituma au kupokea picha kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti. Picha iliyobanwa sana inaacha mipaka ya vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kichujio kinachotunza kingo kitaitunza mipaka hiyo kwa uaminifu uleule inaotunziwa namba ya mtumbwi.

Uso wa mwenye mtumbwi sasa. Vinyweleo, mikunjo midogo, makovu ya jua na maji, hivi vyote vina tofauti ndogo za mwanga, za 5, za 10. Kizingiti cha 24 kinavihesabu vyote kuwa chenga na kuvifuta, huku kikiacha kidevu, midomo na macho yakiwa makali. Uso wenye kingo kali na ngozi isiyo na chochote ndani ndio huo unaouita plastiki. Programu nyingi za kulainisha ngozi kwenye simu zimejengwa juu ya wazo hilihili na zinafanya hivyo kwa makusudi. Mvuvi aliyekaa ziwani miaka yake yote ana uso unaosema jambo, na ningependa picha yako iuache useme.

Usipime chenga za uso kwenye anga. Uso wenye ngozi nyeusi wakati wa jioni umekaa upande wa giza wa picha, fotoni zilizofika pale ni chache, na ukiung'arisha baadaye unazikuza chenga zake pamoja. Mkengeuko wa shavu unaweza kuwa mkubwa kuliko wa anga mara mbili au zaidi. Pima kwenye paji la uso, mahali palipo sawa. Kisha lainisha kwenye tabaka la juu, na ushushe uonekano wa tabaka hilo hadi asilimia 50 au 60 kwa sehemu ya uso. Chenga kidogo zitabaki. Ziache. Kwenye karatasi ya inchi 6 kwa 4 hazitaonekana, na ngozi itabaki ngozi. Na kama unaweza kumsogeza mtu akatazama upande wa magharibi, mwanga wa mwisho ukampiga usoni, umeokoa kazi yote ya aya hii.

Anga ya machweo ina kero yake. Bailaterali inapenda kugeuza mteremko wa taratibu kuwa ngazi: badala ya rangi ya chungwa inayofifia polepole kuelekea zambarau, unapata mabamba yenye mipaka. Kila pikseli inavutwa kuelekea kundi linalofanana nalo, na makundi yanaachana. Ukiziona ngazi, kuna kichujio kinachoongozwa, kilichotolewa na Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang mwaka 2010. Ndani ya kila dirisha kidogo kinakisia kwamba picha safi inafuata picha ya kuongozea, ambayo inaweza kuwa picha yako yenyewe, kwa uhusiano wa mstari ulionyooka, kwa hiyo mteremko unabaki mteremko. Tena ni chepesi: muda wake hauongezeki ukipanua dirisha, tofauti na bailaterali ya kawaida. Kwa kompyuta yako hilo si dogo.

Njia ya tatu unayopaswa kuijua ni ile ya Antoni Buades, Bartomeu Coll na Jean-Michel Morel ya mwaka 2005, inayotafuta wa kufanana naye hata akiwa mbali. Haiulizi kama pikseli inafanana na pikseli. Inalinganisha kipande kizima, tuseme cha 7 kwa 7, na vipande vingine ndani ya eneo kubwa. Picha zenye kujirudia zinaifaa mno: mabati ya nyumba zilizopanda milima ya Mwanza katikati ya mawe, matundu ya nyavu zilizoanikwa, pindo la kanga. Kila tundu la wavu linapata mashahidi kutoka kwa matundu mengine. Gharama yake ni muda.

Nakuwekea mwanzo wa Python. Ukishasakinisha OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, soma picha, igeuze kwenda Lab, uitenganishe chaneli tatu. Kwenye mwanga tumia `cv2.bilateralFilter` yenye dirisha la 5, kipimo cha kufanana mara mbili ya chenga ulizopima, na kipimo cha umbali cha 2. Kwenye chaneli mbili za rangi tumia hiyohiyo na dirisha la 9, kufanana mara tatu ya chenga za chaneli husika. Ziunganishe, rudisha kwenye rangi za kawaida, hifadhi kama PNG. Dirisha zaidi ya 9 usiliguse. Kompyuta itakaa na kazi na faida huioni. Afadhali kupitisha dirisha dogo mara mbili. Kwa picha zenye kujirudia jaribu `cv2.fastNlMeansDenoisingColored`, ukianza na nguvu ya 3 kwa mwanga na 10 kwa rangi, na ufanye majaribio kwenye kipande cha pikseli 400 kwa 400 kabla ya picha nzima. Kipande hicho kiwe na vitu vitatu ndani yake: namba, kamba, na anga. Ukiridhika na vyote vitatu, picha nzima itakuridhisha.

Watu wa setilaiti wanaofuatilia magugu maji ya ziwa hili kwa rada wana tatizo la damu moja na lako. Chenga za rada zinaongezeka kadiri eneo linavyong'aa, kwa hiyo kizingiti kimoja hakifai picha nzima. Kichujio alichokitoa Jong-Sen Lee mwanzoni mwa miaka ya 1980 kinajipimia chenga za kila eneo, kikilainisha palipo tulivu na kujizuia penye ukingo wa magugu na maji. Nakitaja kwa sababu ni ushauri uleule ninaokupa wewe: pima mahali ulipo.

Utakutana pia na programu zinazosafisha kwa akili bandia, na kwa picha ya harusi au ya machweo sina neno nazo, zinafanya maajabu. Kwa namba za usajili nakuomba uziache kabisa. Zimejifunza kutokana na picha nyingi herufi na tarakimu zinavyoonekana, na zikikuta 3 iliyofifia zinaweza kukupa 8 safi, nzuri, yenye kingo kali, ambayo haikuwepo kwenye ubavu wa mtumbwi. Bailaterali haiwezi kukufanyia hivyo. Inaweza kukufutia tarakimu, kukubunia haiwezi. Mteja akikuuliza kwa nini namba yake haisomeki, unamjibu ukweli na kumpigia tena kesho yake kukiwa na mwanga. Akigundua namba imebadilika ndani ya picha uliyompa, huna la kumjibu.

Kunoa kingo kuwe mwisho, baada ya chenga kuondoka na baada ya kupunguza picha hadi ukubwa wa kuchapa. Ukinoa kwanza unazinoa na chenga, zinapanda kutoka 8 hadi 15 na kizingiti chako chote kimeharibika. Nusu kipenyo cha pikseli 1 kinatosha kwa karatasi ya 6 kwa 4, na ufanye kwenye chaneli ya mwanga peke yake. Kisha ndipo ugeuze kuwa JPEG, kwa ubora wa 90 kwenda juu, na ile PNG uitunze pamoja na faili ghafi. Mwenye mtumbwi atarudi siku moja kuomba nakala kubwa zaidi, na itabidi uanze upya kutoka hapo.